Uzi Uliopita Chini ya Mlango

Mama yangu, wewe uliyelala makaburini Mikelenge,

Hukuwa mtu wa barua. Ukiletewa karatasi ulikuwa unanipa nikusomee, halafu unanitazama kwa jicho lile la kunishuku na kuniuliza, "Njo yote? Hakuna kingine amesema?" Kana kwamba nimemeza kipande njiani. Basi hii ya leo sijaficha kitu ndani yake, na ndiyo maana mkono wangu ni mzito, kwa sababu nakuja kuvunja neno nililokupa.

Tulikuwa kwenye basi, tunarudi kutoka Dar es Salaam, umeegemea dirisha na ule mto mdogo mgongoni. Ukanishika goti. "Mambo ya uzi yabaki kule kule. Usiende kuambia watu wa Kindu kama nilishikishwa uzi sawa na mutoto." Nikakuapia. Na nimenyamaza, mama, wallahi nimenyamaza. Nilinyamaza ulipokuwa hai, nikanyamaza kwenye matanga yako, hata pale maneno yaliponichoma mpaka nikatamani kusimama na kupiga kelele mbele ya watu wote.

Lakini sasa mdogo wako, mama mudogo Asumini, anatoka damu. Inatoka vile ilivyokuwa inatoka kwako, na yeye siku zake ziliisha zamani. Daktari wa hapa Kindu amempima, amesema ni ule ule ugonjwa, kansa ya mlango wa kizazi. Ila kwake yeye umeonekana mapema. Akienda sasa kwenye tiba ya mionzi, anaweza kupona kabisa. Na yeye amekataa. Amesema ni heri afie kwake Alunguli, ng'ambo ya mto, mikononi mwa watu, kuliko kufungiwa ndani na mashine ambayo hata madaktari wenyewe wanaikimbia. Neno hilo amelitoa kwenye safari yetu mimi na wewe, kwa sababu alisikia nusu yake tu.

Kwa hiyo barua hii naiacha wazi, isomwe na anayetaka, na yeye awe wa kwanza. Ukasirike nami huko huko. Nimezoea kukasirikiwa na wewe.

Nianze na kamba, maana asiyejua kamba hataelewa uzi.

Ile asubuhi ya vita, risasi zilipolia upande wa stesheni ya gari la moshi, baba alikuwa ameshakwenda kule machimbo ya Kama kutafuta dhahabu, na hatukumuona tena. Ulikuwa na sisi wawili, mimi na Shabani. Watu walikuwa wanakimbia na magodoro kichwani, wengine na kuku. Wewe ulikaa chini! Nilidhani umechanganyikiwa. Ukatoa kitenge chako cha sikukuu, kile cha rangi ya machungwa ambacho hata kukigusa ulikuwa unatukataza, ukakichana kwa meno na mikono, kipande kwa kipande, ukaunganisha mafundo. Ukajifunga kiunoni. Ukamfunga Shabani katikati. Ukanifunga mimi nyuma kabisa. "Hakuna muntu atapotea," ulisema. "Hata akitaka."

Ulikuwa na sababu. Kwenye njia ya Kibombo, kila mlio uliposikika watu walitawanyika porini kila mmoja kivyake, na kelele zikitulia unasikia akina mama wanaita majina kwa sauti ya chini, majina tu, na hakuna anayeitika. Sisi hatukuita. Ulikuwa unavuta kamba. Ukivuta, inapita kwa Shabani inanifikia mimi, na maana yake ilikuwa moja tu: uko? Nami navuta kukujibu: niko. Tulipita msitu ule kwa kuulizana hivyo. Hata leo nikifunga kitenge changu vizuri kiunoni, naweza kuuhisi mvuto ule.

Tulipofika kijiji cha Tunda, tukapewa wali na uwanja wa kulala, mwanamke mmoja alicheka akasema, "Huyu amefunga watoto wake kama mbuzi." Na wewe na ulimi wako huo! Ukamjibu, "Mbuzi wangu wako wote. Wa kwako wako wapi?" Kumbe wa kwake wawili walikuwa wamebaki njiani. Ulipoambiwa, uliacha sahani yako, ukaenda ukakaa naye chini, mkalia pamoja mpaka jua likaondoka. Sikuwahi kukusikia tena ukijibu mtu hivyo kuhusu watoto.

Tukarudi Kindu mji ulipotulia kidogo. Nyumba ilikuwa haina mabati, lakini tulikuwa wote watatu, na wewe ulikuwa unatembea sokoni kifua mbele kwa ajili hiyo. Halafu Shabani akaanza homa, tumbo likawa gumu. Ukambeba mpaka hospitali. Kulikuwa na majeruhi mpaka kwenye ukumbi, wamelala chini. Wakasema apasuliwe haraka. Ulimfuata mpaka mlangoni, ile kamba ya kitenge imefungwa mkononi mwake na kiunoni mwako, kwa sababu tangu porini alikuwa halali bila hiyo. Muuguzi akasema mlinzi wa mgonjwa anangoja nje. Nilikuwepo, mama. Nilimsikia Shabani anakuambia, "Mama, usifungue." Na wewe ukafungua fundo, kwa sababu walikuwa wanakuharakisha, na kwa sababu uliamini.

Mlango ukafungwa. Mchana ule wote tulikuwa tumekaa chini tukiutazama. Ulipofunguliwa, daktari alitoka ameinamisha kichwa, na hukumuuliza imekuwaje, hukumlaumu, hukupiga kelele. Ulimuuliza kitu kimoja: "Nani alimushika mukono?" Ukarudia. Hakuna aliyejua.

Baada ya hapo uliondoa milango yote ya ndani ya nyumba yetu ukatundika mapazia. Ukawa mlinzi wa wagonjwa wa mtaa mzima. Hapa kwetu hakuna mgonjwa anayelazwa bila mtu wake kwenye mkeka chini ya kitanda, hilo kila mtu analijua, lakini wewe ulipita kiasi. Ukisikia mtu amelazwa na jamaa zake wako mbali, unachukua mkeka wako na kibuyu cha chai unakwenda, hata kama ni mtu aliyekuibia mchele sokoni. Nikikuambia pumzika, unasema, "Mugonjwa haachwi." Basi.

Ndipo miaka imepita, nimeolewa, nimezaa, nimezoea kukuona mzima siku zote, ugonjwa ukakujia wewe. Ulificha, ulinificha mimi! Ulikuwa unafua vitambaa vyako kabla mtu hajaamka. Mpaka siku ulipoanguka kwenye kibanda chako cha mchele, na mchele wa Kibombo ukamwagika, na cha kwanza ulichosema ulipofumbua macho ni tuokote mchele.

Safari sitaisimulia, uliijua na ilikuchosha. Ndege mpaka Lubumbashi, halafu lile basi la wachuuzi, mpaka baada ya mpaka. Nakumbuka tu tulipofika Dar, kwenye hospitali ya mionzi ambayo kwetu Kindu hakuna, mhudumu wa mashine, mwanamke wa makamo aliyeitwa Rukia, alikuamkia, "Shikamoo mama," na wewe ukamjibu, "Jambo, mwanangu." Akacheka akasema Kiswahili chenu kitamu. Ukamwambia, "Babu ya babu yangu alitoka kwenu kwa miguu. Mimi nimerudi na basi. Mulituazima Kiswahili, nimekuja kuwaonyesha kama tulikitunza." Tangu hapo alikuwa wako.

Daktari wa kule alituambia ukweli, na nashukuru hakuupaka sukari. Alisema tumechelewa. Tiba itazuia damu, itapunguza maumivu, itakupa muda, lakini kupona hawezi kuahidi. Mimi nililia pale pale kwenye kiti chake. Wewe ulimuuliza, "Muda mwingi?" Akasema Mungu ndiye anayejua. Ukasema, "Muda njo kitu. Tuanze."

Ulisema hivyo kwa sababu hukujua bado kwamba ndani ya chumba kile utabaki peke yako.

Namkumbuka Rukia anatupitisha. Kwanza ule mlango, mnene kuliko milango yote niliyowahi kuona, na juu yake taa nyekundu, na lile bango la njano lenye alama kama feni ya mapanga matatu. Halafu njia nyembamba kati ya kuta, inayopinda, ndipo unafika kwenye chumba chenyewe, na kitanda chembamba, na ile mashine kubwa imeinama juu yake. Akakulaza. Akalinganisha alama zile walizokuchora nyongani kwa wino, zile ulizokuwa unaoga ukizizunguka kana kwamba ni jeraha, unalalamika kwamba umegeuzwa daftari. Akakuambia usitingishike hata kidogo. Kisha akasema, "Haya mama, sisi tunatoka, tunakuona kwenye televisheni, tunakusikia. Ni dakika chache tu."

Ukauliza, "Wote?"

"Wote, mama."

Nikakubusu kipaji cha uso, nikageuka nimfuate Rukia. Nikavutwa! Nusura nianguke. Nikatazama chini: pembe ya kitenge changu ilikuwa imefungwa kwenye pembe ya kitenge chako, fundo lile lile la porini, fundo la meno. Sijui ulifunga saa ngapi, wakati sisi tunahangaika na alama zako. Na wewe ulikuwa umelala unatazama dari, uso wa mtu asiyejua lolote.

Rukia aliona. Akasema, kwa upole kabisa, "Mama, mbona umemfunga mwenzio?"

Ukamjibu, "Asipotee."

Nilicheka, mama. Kicheko kikaanza na kikaishia kilio, mpaka nikashika ukuta. Wewe ukakaa kitandani, ukaweka miguu chini, ukasema safari imeisha, tunarudi kwetu. Rukia akasema sawa, usipotaka hatuwashi kitu, lakini uniambie kwa nini. Ukamwambia. Ulimwambia habari za Shabani kwa maneno machache kuliko niliyoyatumia mimi hapa. Ukamaliza, "Mulango ule nimeshaona mwenzake. Kama ni kufa, nife kuko muntu."

Mimi nikapandisha hasira. Nikamwambia Rukia basi nibaki mimi, nivalisheni ile aproni nzito ya madini ya risasi, kama wanayovaa watu wa kupiga picha za mifupa hospitali ya kwetu. Hakukasirika. Alisema, "Dada, aproni ile ni ya mionzi ya picha. Hii ya hapa inapita kwenye aproni kama maji kwenye chandarua. Kinachoizuia ni huu ukuta, na unene wake unauona mwenyewe. Ukikaa humu leo hutasikia kitu. Wala kesho. Haiumi, na ndiyo ubaya wake."

Ukamuuliza swali ambalo Kindu nzima inaliuliza mpaka leo: "Sasa dawa gani hii, yule anayenipa anaikimbia?"

Naomba mama mudogo asikilize vizuri hapa. Rukia alikuonyesha kile kibeji kidogo kifuani kwake, ambacho ulidhani ni cha cheo. Akasema kinapima mionzi iliyomfikia, na kinapelekwa kusomwa, ili ijulikane kama kazi yake inamdhuru. "Mama, muuguzi akikuchoma sindano, na yeye anajichoma? Mionzi hii ni dawa yako wewe. Inaingia pale penye ugonjwa, kwa kiasi ulichopimiwa, siku zako zikiisha unakwenda nyumbani. Mimi niko hapa kila siku, na wagonjwa wote hao unaowaona kwenye benchi. Nikibaki ndani na kila mmoja wao, nani atakuja kunilaza mimi kwenye kitanda hiki?" Ukamtazama sana. Nadhani ulikuwa unaona mikeka yako yote ile, vyumba vyote vya hospitali ulivyokesha.

Ukasema polepole, "Unaogopa."

"Naogopa kiasi," akasema Rukia. "Asiyeogopa hatumpi kazi hii."

Hilo likakuingia. Lakini bado hukulala. Rukia akatoka, akarudi na kibonge cha uzi wa sufu, mwekundu. Akasema wana watoto wadogo wanaokuja kutibiwa hapa, na mtoto huwezi kumfahamisha habari za ukuta. Kwa hiyo wanamfunga uzi kidoleni, uzi unapita chini kwenye sakafu, unakata ile kona, unatokea chini ya mlango, na mama yake anashika ncha huko nje. Wewe ukavimba. "Mimi siko mutoto." Akasema najua, mama. Ukautazama ule uzi. Ukaniangalia mimi, ukaangalia mlango. Halafu kwa sauti ambayo sijaisikia tangu Tunda:

"Lakini unafika?"

"Unafika."

"Basi leta."

Nilimuuliza Rukia, mimi mwenyewe, kama mionzi haitatembea na uzi ikanifuata nje. Nalisema hili kwa sababu najua litaulizwa. Akasema uzi ni uzi tu, hauchukui kitu. Na mionzi inapenda kwenda moja kwa moja, kona haiiwezi vizuri. Kila inapogonga ukuta inachoka, na ndiyo sababu njia ile imejengwa imepinda. Mpaka ifike mlangoni imekwisha. Akakufunga kwenye kidole, akahakikisha uzi uko mbali na mashine inayozunguka, akakuonya, "Kidole tu, mama. Kiuno kisitingishike." Tukatoka. Kabla mlango haujafungwa akapita tena kwa macho, kila kona, kama amebaki mtu. Mlango ukafungwa. Taa nyekundu ikawaka.

Nilisimama nje na ncha ya uzi. Mashine ikaanza kunguruma ndani. Moyo wangu, mama, sijui nikuambie nini. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na nilikuwa pia yule msichana wa mwisho kwenye kamba, na katikati yetu hapakuwa na mtu. Nilimtafuta Shabani kwenye uzi ule. Ukavuta. Kidogo sana, kama samaki mdogo anayeonja. Uko?

Nikavuta. Niko.

Tulifanya hivyo kila siku ya tiba, juma kwa juma. Ulipozoea ukawa mkubwa wa benchi lile, unawapanga wagonjwa, unawaambia wageni wasiogope ile feni ya njano. Uzi lakini hukuuacha hata siku moja, na siku ya mwisho Rukia aliuzungusha akakupa. Ukauficha ndani ya sidiria kama mtu anayevusha almasi. Na kwenye basi ndipo ukanikataza.

Damu ilikata. Nataka hilo lijulikane. Ulirudi kwenye kibanda chako cha mchele, ulicheza harusi ya mjukuu wako mpaka viatu ukavivua. Muda walioahidi waliutoa.

Kilichoniuma ni sahani. Ulirudi, na mama mudogo akawa anavuka na mtumbwi kila siku kutoka Alunguli na chakula chako, samaki, sombe ya majani ya muhogo, kila kitu, amepika kwa mapenzi yote. Ila anakupakulia kwenye sahani yako peke yako, anaiosha mbali, na watoto wakikimbilia mapajani mwako anawavuta. Aliambiwa umejaa moto wa mashine. Nikamweleza kwamba ile ni kama taa, ukiizima hakuna mwanga unaobaki kwenye ukuta, mama haambukizi mtu. Hakuniamini. Wewe ulikula barazani peke yako, wewe ambaye hukuwahi kumwacha mtu ale peke yake. Ulisema, "Muache, anaogopa tu." Siku moja tu nilikukuta umeshika ile sahani tupu, na macho yako hayakuwa makavu. Ulidai ni pilipili. Chakula kile hakikuwa na pilipili.

Halafu ugonjwa ukarudi, kama daktari alivyosema. Uliondoka mchana, mvua inapiga mabati, mkono wako ndani ya mkono wangu. Uliniuliza, "Uko?" Ukaniuliza kwa mdomo mara hii. Nikakubana vidole. Hukuuliza tena.

Tulikuosha sisi wanawake. Zile kamba za sanda nilizifunga mimi, na mikono yangu ilikataa kufunga fundo legevu. Ilitaka kufunga lile la meno. Kisha wanaume wakakubeba, nami nikabaki nyumbani na wanawake wengine, kama ilivyo desturi, nangoja. Mama, nilikaa nikiutazama mlango. Mjomba aliporudi na udongo kwenye miguu, nilimrukia kabla hajakaa, nikamuuliza nani alikushusha. Akasema, "Mimi nilimupokea kwa mikono yangu. Na kamba nimezifungua mwenyewe, pole pole." Nikamshika mikono yake michafu ile nikailaza usoni kwangu. Sikumbuki kama nilimwambia asante.

Na jioni ile ile ya matanga, mama mudogo akasema mbele ya watu, analia, kwa uchungu wake wote: "Dada yangu hakuacha mugonjwa hata mumoja. Yeye wakamufungia na mashine, wakakimbia wote, hata huyu mutoto wake." Kila mtu alinitazama. Niliuma kitenge. Nilikuwa nimekuapia.

Sasa nimeshasema. Mtu aliyekufunga uzi hakukuacha, na mtu uliyemfunga kwa kitenge hakukuacha. Ukuta ulikuwa katikati kwa sababu ni lazima uwepo. Hilo tu.

Nilidhani barua inaishia hapo, lakini jana nilivuka kwenda Alunguli na nikamsomea mama mudogo yote, kutoka juu mpaka hapo. Alikuwa anachambua mchele. Nilipofika kwenye fundo la kitenge, mikono yake ilisimama. Nilipofika kwenye sahani, nilitaka kuruka, nikasoma. Alifunika uso na ungo. Nikamaliza. Nilidhani atanifukuza. Nilidhani atasema ni uongo, nimeutunga ili kujisafisha.

Akasema, "Dada yangu alisema nini? Asipotee?"

"Asipotee," nikamwambia.

Akalia, mama. Alilia jina lako lile la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyebaki wa kulitumia. Kisha akajifuta na pembe ya kitenge, akauliza kwa sauti ya ukali, kama vile mimi ndiye ninayemchelewesha, "Na ule uzi iko wapi?"

Nilikuwa nao kwenye mkoba. Nilikuta umeuweka chini ya mto wako, na nimekuwa nikitembea nao tangu hapo, sijui kwa nini. Nikautoa. Akaupima kwa macho. Akaninyooshea kidole.

"Nifunge nione."

Nikamfunga. Akainuka, akaingia chumbani kwake, na kwake kuna mlango, si pazia. Akaufunga. Nikabaki ukumbini na ncha mkononi, uzi umepita chini ya mbao. Kuku walikuwa wanapita, jirani anasonga ugali, na ndani kimya kabisa. Nikangoja. Nilisikia kitanda kikilia, akilala. Nikazidi kungoja.

Ukavutwa.

Nikavuta.

Tunaondoka juma lijalo, Mungu akijalia. Safari hii mimi ndiye nitakayemwambia Rukia shikamoo. Utusamehe kwa siri yako, na umwambie Shabani kwamba kamba haijakatika. Lala, mama.

Ni mimi binti yako, yule uliyemfunga nyuma kabisa.